Denver walitolewa kiangazi cha 2024, Oklahoma wamemalizia tu

Tangu ile Jumapili ya Mei 18, 2025, Denver Nuggets walipotolewa na Oklahoma City kwenye mtoano wa NBA (mfululizo wa gemu 7, wa kwanza kushinda 4 anapita), nimesoma watu wakiandika kwamba wametoka kwa heshima. Hoja yao ni kwamba timu iliyomfukuza kocha na meneja mkuu zikiwa zimebaki gemu 3 msimu wa kawaida uishe, halafu ikawapeleka Oklahoma City wenye ushindi mara 68 mpaka gemu ya 7, hiyo imepambana kuliko tulivyotegemea, na sasa David Adelman kathibitishwa kuwa kocha kamili basi njia imenyooka, tusubiri Oktoba. Mimi nakataa kabisa. Wachezaji wanastahili heshima yao na sina neno nao, Aaron Gordon kaingia gemu ya 7 na msuli wa paja umechanika jamani, mtu kama huyo unamlaumu kwa lipi? Lakini ninachosema ni kwamba Denver wametolewa kwa kukosa watu wa kutosha, na kukosa watu wa kutosha hakukuwa bahati mbaya, ni maamuzi yaliyofanywa ofisini na wenye timu, kidogo mwaka 2023 na kwa kiasi kikubwa kiangazi cha 2024. Kumwondoa kocha Michael Malone na meneja mkuu Calvin Booth siku moja kumefanya ionekane kama suala limeshughulikiwa wakati halijaguswa hata kidogo, na hasira yangu iko hapo zaidi kuliko kwenye matokeo yenyewe.

Angalieni gemu yenyewe ilivyokwenda. Robo ya kwanza Denver wanaongoza 26 kwa 21, mpira unatembea, kila mtu anaamini. Robo ya pili Oklahoma wakaweka pointi 39 dhidi ya 20, na kuanzia hapo gemu ikawa imeisha ingawa saa ilikuwa bado inakimbia, ikafika 125 kwa 93. Watu wengi wanasema Denver walikosa mitupo, wengine wanasema Nikola Jokić, senta na nyota wa Denver, alikabwa na Alex Caruso wa Oklahoma akakubali kukabwa. Sawa, Caruso mfupi kuliko Jokić kwa kichwa kizima na alimsumbua kweli, ila jiulize kwa nini Oklahoma waliweza kumtuma Caruso pale. Waliweza kwa sababu wana watu wengi wa kukaba kiasi kwamba anayechoka anakaa, anaingia mwingine anakaba vilevile au zaidi. Denver kwa upande wao walikuwa wanacheza watu 8, watano wa kuanza pamoja na Russell Westbrook, Peyton Watson na Julian Strawther, na kati ya hao Gordon ana paja bovu, Michael Porter Jr. bega lilimuumia tangu gemu ya 2 dhidi ya Clippers raundi ya kwanza, Jamal Murray na Jokić wanacheza karibu dakika 40 kila siku tena baada ya kutoka kwenye mfululizo mwingine uliokwenda gemu 7. Timu ya aina hiyo inaweza kuiba gemu moja, mbili, hata tatu, na Denver waliiba tatu. Ya nne haikuwepo. Na Jokić mwenyewe baada ya gemu alilisema hilo bila kumtaja mtu kwa ubaya, kwamba timu zinazoshinda sasa ni zile zenye benchi refu, akazitaja Indiana, Oklahoma na Minnesota. Jokić si mtu wa kulalamika kwenye maiki. Akisema kitu cha hivyo ujue amekifikiria muda mrefu.

Sasa kwa wasiofuatilia sana, turudi nyuma kidogo. Denver walichukua ubingwa Juni 2023, wa kwanza tangu timu ilipoingia NBA mwaka 1976, na waliuchukua kibabe, ushindi 16 na vipigo 4 tu kwenye mtoano wote. Msingi wa timu ile uliwekwa na Tim Connelly, ndiye aliyemchukua Jokić nafasi ya 41 kwenye drafti ya 2014, ule uchaguzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya, akamchukua Murray, akamchukua Porter, akamleta Gordon kutoka Orlando. Connelly akaondoka Mei 2022 kwenda Minnesota waliompa ofa kubwa ambayo Denver hawakutaka kuifikia. Booth akapanda, na lazima tuwe wakweli, kazi yake ya kwanza ilikuwa nzuri sana, alimleta Kentavious Caldwell-Pope kwa kubadilishana na Washington, akamsaini Bruce Brown kwa hela ndogo, na bila hao wawili sidhani kama lile kombe lingekuja. Ubingwa ulikuwa wa Connelly na Booth kwa pamoja. Ila hii habari ya Connelly kuachwa aende iwekeni akilini maana mwaka mmoja baada ya ubingwa ni Minnesota ya Connelly ndiyo iliyoingia Denver gemu ya 7, ikiwa nyuma kwa pointi 20 kipindi cha pili, ikashinda 98 kwa 90. Na Mei 2025 Minnesota haohao walikuwa fainali ya Magharibi na Denver walikuwa nyumbani.

Kiangazi cha 2023 Brown akaenda Indiana kwa dola milioni 45 za miaka 2 na Jeff Green akaenda Houston. Kwa Brown siwalaumu. Sheria haikuwaruhusu kumlipa karibu na hapo, alikuwa amekaa msimu mmoja tu kwa hiyo walichoweza kumpa ni kama milioni 7.8 mwaka wa kwanza, nani angekataa mara tatu ya hiyo? Ila kilichofuata ndicho cha kulaumu, badala ya kutafuta mzoefu mwingine, Booth alisema wazi anataka kujenga benchi kwa vijana wa drafti, na Oktoba ya mwaka huo akampa Zeke Nnaji mkataba wa milioni 32 kwa miaka 4. Nnaji. Mtu ambaye mtoano ukifika hapewi dakika za maana. Namheshimu kama mchezaji anayejituma lakini mkataba ule ndio uliokuja kubana shingo mwaka uliofuata.

Mwaka uliofuata ndio 2024, na hapa nataka tukae kidogo maana naona hata watu wanaojua kikapu vizuri hawapaelewi. Caldwell-Pope alijitoa kwenye mkataba wake akawa huru, Orlando wakampa milioni 66 kwa miaka 3, Denver wakamwacha aende. Wengi wakasema sawa tu, milioni 22 kwa mwaka ni nyingi kwa mtu wa miaka 31, hela hiyo tutaitumia kwa mwingine. Hakuna hela ya kutumia kwa mwingine! Msimu huo kikomo cha mishahara kilikuwa kama milioni 140.6, na Jokić, Murray, Porter na Gordon peke yao walikuwa wanachukua kama milioni 146. Watu wanne tayari wamevuka kikomo. Timu iliyovuka kikomo haiwezi kwenda sokoni kununua anayemtaka, inachoruhusiwa ni kuwalipa wachezaji wake yenyewe kwa zile haki za Bird, na Denver walikuwa na haki hizo zote kwa Caldwell-Pope. Ukimwacha aende bure ule mshahara wa milioni 22 haubaki mfukoni mwako, ruhusa ya kuulipa inakufa siku ileile. Kilichobaki ni kifungu kidogo cha milioni 5 na kitu pamoja na mishahara ya chini kabisa. Milioni 5 zile zikaenda kwa Dario Šarić ambaye alicheza gemu 16 tu msimu mzima, ya chini ikaenda kwa Westbrook, na kabla ya hapo walilipa nafasi tatu za drafti za raundi ya pili ili Charlotte wawachukulie mkataba wa Reggie Jackson. Yaani ulitoa mali ili upungukiwe watu.

Kiangazi hichohicho, na hili ndilo linaloniuma, Oklahoma walimleta Caruso kwa kumtoa Josh Giddey, wakamsaini Isaiah Hartenstein kwa milioni 87 miaka 3. Wawili hao ndio waliomchosha Jokić gemu 7. Timu moja ilitolewa na Dallas mwaka 2024 ikakaa chini ikajiuliza tunakosa nini, ikajaza. Nyingine ilitolewa na Minnesota ikapunguza. Mwaka mmoja baadaye zikakutana na matokeo yake mmeyaona.

Najua majibu yatakayokuja, na baadhi ni mazito. La kwanza ni kwamba kumlinganisha Denver na Oklahoma si haki maana Oklahoma walikuwa na Jalen Williams na Chet Holmgren kwenye mikataba ya rukii, yaani mikataba ya kwanza ya vijana, walikuwa wanalipa kidogo kwa wachezaji wa kiwango cha juu, kwa hiyo walikuwa na nafasi ya kumlipa Hartenstein ambayo Denver hawakuwa nayo. Hilo nalikubali lote. Hakuna meneja ambaye angeweza kumsaini Hartenstein akiwa Denver. Lakini hoja yangu haikuwa kwamba Denver wangefanya alichofanya Oklahoma, ni kwamba walichokuwa nacho mkononi walikiachia. Na kuna kitu kingine hapo, vijana wa bei ndogo hawadondoki kutoka juu, wanatoka kwenye drafti, na Denver wametoa drafti zao za mbele za raundi ya kwanza, baadhi zilikwenda Oklahoma hukohuko, ili kupata nafasi za mwishomwisho kama ile ya 30 iliyomleta Watson. Watson mimi nampenda, anakaba, anaruka. Ila huwezi kuwa timu inayotegemea vijana na wakati huohuo timu isiyo na drafti.

La pili ni kwamba Caldwell-Pope alishuka kiwango Orlando, alipiga tatu kwa kama asilimia 34 tu wakati Denver alikuwa anazidi 40, na Christian Braun aliyechukua nafasi yake alipanda vizuri akafika wastani wa pointi 15 na kidogo. Kwa hiyo Booth alikuwa sahihi. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote na niliifikiria sana. Braun ni kweli amekuwa mchezaji wa kuanza, gemu ya 7 yenyewe alifunga 19 wakati wenzake wamezimika. Lakini hesabu ya benchi haiangalii nafasi ya kuanza. Braun alikuwa ndiye mtu bora wa benchi mwaka 2024, alipopanda juu nafasi yake chini ikabaki wazi na hakuna aliyeletwa kuijaza. Na hata Caldwell-Pope kama angeshuka kiwango akiwa Denver, mkataba wake wa milioni 22 ungekuwa kitu cha kubadilishana Februari, unautoa unaleta mwingine wa mshahara huo. Denver Februari 2025 hawakuwa na kitu cha kubadilishana zaidi ya Porter au Nnaji, na wakafika tarehe ya mwisho ya kubadilishana wachezaji wakakaa kimya. Timu yenye mtu anayefanya wastani wa pointi 29.6, ribaundi 12.7 na asisti 10.2, msimu ambao senta hajawahi kuufanya katika historia ya ligi, ikakaa kimya.

La tatu ni ule mstari wa pili, kiwango cha mishahara kilicho juu zaidi ya kikomo, ule uliowekwa kwenye makubaliano mapya ya ligi na wachezaji mwaka 2023. Ukiuvuka unanyimwa vifungu vya kusaini, huwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili kupata mmoja, drafti yako ya miaka 7 mbele inafungiwa, na ukiendelea kuuvuka drafti hiyo inasukumwa mwisho wa raundi. Watu wanaongea kana kwamba mstari huu ni ukuta na Denver walizuiwa. Hawakuzuiwa. Ni gharama, ambayo mwenye timu anaamua kuilipa au kutoilipa. Msimu wa 2024-25 Boston walivuka, Minnesota walivuka, Phoenix walivuka. Phoenix waliishia ushindi 36 hata mtoano hawakuuona, Boston walikuwa mabingwa watetezi wakatolewa na Knicks huku Jayson Tatum kaumia, Minnesota wakafika fainali ya Magharibi. Kwa hiyo kuvuka mstari peke yake hakukupi kitu na wala hakukuui, inategemea umevuka ukiwa na nani. Na kama kulikuwa na timu moja kwenye ligi nzima yenye sababu ya kuvuka ni ile yenye Jokić aliyetimiza 30 Februari 2025. Ningeelewa wenye timu wakisema tumepima tukaona adhabu za miaka ya mbele ni kubwa kuliko faida. Hiyo ni hoja halali. Lakini hawajasema hivyo, wamemwacha Booth abebe lawama kama vile yeye ndiye mwenye akaunti ya benki.

Na tusiseme kina Kroenke, wenye Nuggets, ni wabahili maana hiyo nayo si kweli. Stan Kroenke ndiye mwenye Arsenal, mnamjua, kampuni yake ndiyo yenye Los Angeles Rams wa mpira wa Kimarekani na Colorado Avalanche wa hoki ya barafu waliochukua makombe yao mwaka 2022, na Nuggets wenyewe walikuwa wakilipa kodi ya anasa, ile inayotozwa timu zenye mishahara mikubwa, misimu ya kuelekea 2025. Wanatoa hela. Shida yao Denver ni kwamba wanatoa mpaka sehemu fulani halafu wanasimama, bila kusema wamesimama, na anayeachwa hapo akihangaika na mishahara ya chini ndiye anayefukuzwa baadaye. Connelly waliona ghali, Booth hawakumwongeza mkataba, na ofisi ile imekuwa na watu wazuri wanaopita tu.

Sasa hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo ninayoiona kila mahali, ni kwamba kufukuzwa kwa Malone na Booth Aprili 8 ndiko kulikoiamsha timu. Wanasema angalia, walikuwa wamefungwa mara 4 mfululizo, kocha akaondoka, wakashinda gemu 3 zote zilizobaki, wakawatoa Clippers, wakawatetemesha Oklahoma. Jamani. Gemu tatu. Na kwa Clippers, gemu ya 4 iliamuliwa na Gordon kudanki mpira uliokosa goli, mkono ukiachia muda ukiwa unaisha, ilibidi waamuzi waangalie video kuhakikisha. Kama kidole chake kingechelewa sehemu ndogo ya sekunde gemu ingekwenda muda wa nyongeza, Clippers wangeweza kuwa mbele 3 kwa 1 na huenda wote tungekuwa tunaandika kwamba kufukuza kocha mwezi wa nne ni wazimu. Timu ilikuwa ileile, watu walewale, Adelman mwenyewe alikuwa msaidizi wa Malone miaka kadhaa na mifumo anayocheza ni ileile kwa sehemu kubwa. Alichokibadilisha ni hewa ya chumba cha kubadilishia nguo, maana Malone na Booth walikuwa hawaelewani na kila mtu alijua, mmoja anataka wazoefu wacheze, mwenzake anataka vijana aliowachagua wacheze. Hewa ikisafishwa inasaidia, sibishi. Gemu ya 6 Strawther alitoka benchi akafunga 15 akaiokoa timu, na huenda chini ya Malone asingeaminiwa pale, hilo nalo nalitoa kwa moyo mmoja. Ila gemu ya 7 Strawther akawa kijana wa mwaka wa pili ugenini, kama ilivyotegemewa, na nyuma yake hapakuwa na mwingine wa kujaribu. Malone kakaa misimu 10, hakuna kocha aliyeshinda gemu nyingi zaidi yake katika historia ya klabu ile, kaleta kombe pekee, na ugomvi wake na Booth ulikuwa na bosi mmoja juu yao wote wawili, ambaye ni Josh Kroenke, mtoto wa Stan, aliyeuona kwa zaidi ya msimu mzima akauacha uive. Ukiwafukuza wote wawili siku moja hujaamua nani alikuwa sahihi, na usipoamua hilo meneja mpya ataingia bila kujua klabu inaamini nini.

Ndiyo maana hii kauli ya "wametoka kwa heshima" naiona hatari kwa mashabiki. Ikikubalika, presha inaondoka kwa wenye timu, na kiangazi cha 2025 ndicho kilikuwa cha mwisho cha maana kabla mambo hayajafungana. Drafti ya raundi ya kwanza ya 2025 hawakuwa nayo, ilikwenda Orlando kwenye dili la Gordon. Murray alikuwa anaanza ule mkataba wake wa milioni 208 za miaka 4. Braun na Watson wote walikuwa wanaruhusiwa kuongezewa mikataba kuanzia Julai 2025 na Braun asingekuwa wa bei ndogo tena. DaRon Holmes, drafti ya 2024, hakuwa amecheza hata dakika moja ya msimu baada ya kukatika kano ya kisigino, yalikuwa matumaini tu hayo. Kilichobaki cha kuchezea kilikuwa Porter, aliyekuwa amebakiza miaka 2 yenye kama milioni 79. Porter ana mkono wa dhahabu na amepitia upasuaji wa mgongo ambao ungemaliza wengine, lakini timu isiyo na benchi isingeweza kuendelea kumlipa mtu wa tatu kiasi hicho kwa kazi ya kupiga tatu na kuokota ribaundi. Akitoka, thamani yake ilipaswa irudi kama wachezaji wawili watatu wanaoweza kukaa uwanjani mwezi wa tano, au mmoja wa bei ya chini zaidi atakayeacha nafasi ya kusaini senta wa kweli wa kumpumzisha Jokić, kitu ambacho Denver walikuwa wamekikosa miaka mingi na Gordon alikibeba kwa mwili wake.

Na kabla ya hayo yote Josh Kroenke alipaswa atoke aseme kwa mdomo wake kama mstari wa pili ungevukwa ikibidi au usingevukwa. Meneja aliyekuwa anakuja alipaswa kulijua hilo siku ya kwanza na sisi pia tulipaswa kulijua, kwa sababu Julai 2025 Jokić alikuwa anaruhusiwa kukaa mezani kuongeza mkataba, na mtu aliyesema hadharani kwamba timu zinazoshinda zina benchi refu angeangalia kwanza wamemletea nani kabla ya kushika kalamu.